Uthabiti wa hewa Goma: dhana potofu kuhusu vipimo vya vituo vya milimani

Dhana: Juu kuna baridi, baridi ni nzito, basi hewa ya juu lazima ishuke.
Hewa inayopanda hutanuka na kupoa yenyewe, nyuzi 9.8 kwa kila kilomita kama haijafika kwenye wingu. Kwa hiyo nyuzi za vituo viwili hazilinganishwi hivihivi. Tuseme kimoja kiko mjini, mita 1,500, kingine mita 2,000 upande wa Kibati, mtelemkoni mwa volkano ya Nyiragongo. Joto la juu liongezee 4.9, yaani nusu ya 9.8 kwa nusu kilomita. Alfajiri mjini 16, juu 15: unapata 19.9, imezidi 16, hewa ni thabiti (ya chini haipandi) na moshi wa makala haubanduki mtaani. Mchana mjini 25, juu 19.5: unapata 24.4, pungufu ya 25, hewa ya chini inapanda. Ndani ya wingu tumia 4 hadi 5 badala ya 9.8.

Dhana: Upepo ukikoma, hewa ni thabiti.
Saa saba mchana, jua likiwa juu ya lava nyeusi, upepo unaweza kukoma kabisa huku hewa ikichemka.

Dhana: Kituo cha mtelemkoni kinapima hewa iliyo juu ya mji.
Hii ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Kipimajoto cha mita 2 kutoka ardhini kinasoma hewa iliyogusana na mlima: mchana mtelemko unaipasha, usiku unaipoza. Ndiyo maana mchana uthabiti huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na usiku mdogo. Chagua mgongo wa mlima unaopigwa na upepo, si bonde; kipimajoto kikae ndani ya kinga ya jua yenye kupitisha hewa. Kwenye ukingo wa kreta ya Nyiragongo jihadhari pia na mvuke wa moto.

Dhana: Vituo vikikaribiana, jibu ni sahihi zaidi.
Kila kipimajoto kikikosea nyuzi 0.3, kimoja juu kingine chini, kosa ni 0.6. Kwa mita 500 hiyo ni nyuzi 1.2 kwa kilomita. Kwa mita 100 ni 6, na hapo hujapima kitu. Linganisha kwanza vipimajoto vyote viwili mahali pamoja, siku kadhaa. Angalia na saa: 6:00 UTC (saa ya kimataifa) ni 8:00 Goma, jua limeshaanza kazi.

Dhana: Mgandamizo wa hewa wowote unafaa.
Ukitumia fomula ya joto ambalo hewa ingekuwa nalo ikishushwa hadi mgandamizo wa hPa (hektopaskali) 1000, weka mgandamizo wa kituo chenyewe, Goma karibu 850. Ukiweka uliorekebishwa hadi usawa wa bahari, kituo cha juu kitaonekana baridi mno, na hata alfajiri tulivu itatoka kama hewa inayopanda.

Dhana: Hewa ikipanda, mazuku (gesi ya kaboni dayoksidi inayotuama mashimoni) yameisha.
Kaboni dayoksidi ni nzito kuliko hewa mara 1.5 hivi, na shimo lenye kuta huikinga na upepo. Kituo hakioni kilicho kwenye kifundo cha mguu. Huko kinatakiwa kipimagesi.