Kisanduku cha mwisho kwenye andalio la somo

Nakagua walimu wanafunzi wakiwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nikipanda daladala za Kibosho na Marangu na fomu zangu kwenye bahasha. Nikifika sianzi na azimio la kazi wala zana za ukutani. Naomba faili la maandalio, nafungua la wiki iliyopita na kushuka hadi chini kabisa, palipoandikwa "Tathmini ya mwalimu". Mara nyingi nakuta sentensi ileile: "Somo limeeleweka vizuri." Jumatatu limeeleweka. Ijumaa mvua ilinyesha juu ya bati, hakuna aliyemsikia mwenzake, nalo limeeleweka.

Siwezi kuwacheka, maana nami niliiandika wiki tatu mfululizo. Andalio letu wakati ule lilikuwa na hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, kila moja na dakika zake. Tulikesha tukizipanga. Kile kisanduku cha chini wengine tulikijaza kabla hata ya kuingia darasani. (Ndiyo, kabla. Muulize mwalimu yeyote aliye mkweli.)

Shule yangu ya mazoezi ilikuwa upande wa Old Moshi. Darasa la tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nikaandika ubaoni 1/2 + 1/3. Kijana wa dawati la nyuma akaja akaandika 2/5. Nikamwambia amekosea, atafute KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika cha zile asili mbili.

"Lakini mwalimu, juzi nimepiga penati mbili, nimefunga moja. Jana nimepiga tatu, nimefunga moja. Si nimefunga mbili kati ya tano?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakauka, kwa sababu hesabu yake ya penati ilikuwa sahihi kabisa. Nikarudia kanuni kwa sauti ya juu zaidi, kama afanyavyo mwalimu aliyebanwa, mpaka kengele ikaniokoa.

Mwalimu wangu mlezi, mama mtu mzima, alikuwa nyuma anasahihisha madaftari. Tulipotoka akalichukua andalio, akasoma chini.

"Limeeleweka na nani, mwanangu? Na yule wa penati?"

Akanipa kalamu. Robo saa nzima nikatoa mistari miwili: "Mwanafunzi amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili kwa sababu anafikiria mafungu mawili tofauti. Sikuweza kumjibu."

Nilipoiona ile "mafungu mawili" kwa mwandiko wangu mwenyewe ndipo nilipojua nimfundishe nini kesho yake. Kwenye penati, mbili ni fungu moja na tatu ni fungu jingine. Ukiyachanganya unapata tano. Kwenye 1/2 + 1/3 kitu kizima ni cha ukubwa uleule, kinachotofautiana ni vipande. Basi nikaenda na karatasi mbili zinazolingana. Nikamwuliza: ukiwa na nusu, ukaongezewa kitu, unaweza kubaki na pungufu ya nusu? Akaitazama 2/5 yake, akacheka mwenyewe. Tukakunja kila karatasi ikatoa vipande sita sawa. Nusu ikawa vipande vitatu, theluthi vipande viwili. Tano ya sita, na KDS bado sijaitaja.

Wanachuo wengi wakisikia tafakuri wanadhani ni kujilaumu, au kuandika "nijitahidi zaidi". Nawaomba kitu kidogo tu: andika jibu moja la mtoto kama alivyolisema, kisha wewe ulifanya nini. Wanaogopa, na hofu hiyo tumeipanda sisi wakufunzi. Tunakaa nyuma ya darasa na fomu ya alama, halafu tunataka mtu aandike "sikuweza". Nani atajikaanga hivyo? Siku hizi natangaza mapema kwamba "Somo limeeleweka vizuri", bila ushahidi, kwangu ni sifuri ya kipengele hicho.

Muhula uliopita binti mmoja alikuwa ameandika: "Nimeuliza 'mmeelewa?' mara tisa. Wameitikia 'ndiyooo' mara tisa. Nimekusanya madaftari, sijui walikuwa wanakubali nini." Nikampa alama zote za kipengele, nikamwambia tukae tuyafungue hayo madaftari moja moja. Daladala ya saa kumi ilituacha.