Je, wajua kwa nini Wanavajo humwimbia mgonjwa usiku kucha?

Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, wanaishi kusini-magharibi mwa Marekani, katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Mtu wao akiugua, ndugu humpeleka hospitali kama watu wengine, lakini wengi humwita pia hataałii. Huyo ni mganga, na kazi yake kubwa ni kuimba.

Kwa imani yao, dunia iliumbwa ikiwa na uzuri, amani na uwiano, hali wanayoiita hózhó. Mtu aliyegusa maiti au aliyekaribiana na radi, dubu au nyoka bila tahadhari anaweza kutoka katika hali hiyo, na ugonjwa ukamwingia. Kwanza hutafutwa mpiga ramli, mara nyingi yule ambaye mkono wake hutetemeka anapoomba, ili aseme chanzo ni nini na zinahitajika nyimbo zipi. Hapo ndipo mwimbaji huitwa.

Nyimbo hizo hazipigwi ili kumliwaza mgonjwa wakati dawa ikifanya kazi. Zenyewe ndizo dawa. Wanaamini zilitoka kwa viumbe watakatifu, Diyin Dine'é, na zikiimbwa sawasawa viumbe hao huja. Sakafuni mwa hogan, nyumba yao ya jadi yenye mlango unaotazama mashariki, huchorwa picha zao kwa mchanga wa rangi, mkaa na mawe yaliyosagwa. Mgonjwa huketishwa juu ya picha. Mwimbaji huuchukua mchanga kutoka mguuni mwa mtakatifu akaupaka mguuni mwa mgonjwa, kutoka kichwani akaupaka kichwani, huku nyimbo zikiendelea. Picha iliyowachukua watu saa nyingi kuichora hufutwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa imeshabeba maradhi.

Ndiyo maana neno halirukwi ovyo. Ibada ya Usiku, mojawapo ya ibada zao kubwa za uponyaji, huchukua siku tisa, tena hufanywa msimu wa baridi tu, nyoka wakiwa wamelala. Mwanafunzi humfuata mwalimu wake miaka mingi kuijua, na mwimbaji mwenye heshima kubwa anaweza kuwa na ibada kubwa moja au mbili tu kichwani mwake. Kwangu hiyo ni elimu ya kiwango cha juu kabisa, ingawa haina cheti.

Wala si wagonjwa pekee wanaoimbiwa. Binti akivunja ungo hufanyiwa Kinaaldá, na usiku wa mwisho watu hukesha wakimwimbia, huku keki kubwa ya mahindi ikiiva ndani ya shimo ardhini. Alfajiri huoshwa nywele, kisha hukimbia kuelekea mashariki.

Kinachouma ni kwamba shule za bweni za serikali ziliwatenga watoto wengi na wazee wao na kuwakataza kusema lugha yao. Baadhi ya ibada hazifanyiki tena, kwa sababu waimbaji wa mwisho waliozijua walifariki bila kupata mwanafunzi.