Je, okidi hutaka udongo mweusi wenye samadi?

Wengi huamini kuwa okidi, kama maua mengine ya chungu, hustawi kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Lakini okidi nyingi zinazouzwa, hasa Phalaenopsis, kwa asili hushikilia magome ya miti. Mizizi yake imevikwa tabaka jeupe mithili ya sifongo, linalofyonza maji upesi kisha kukauka. Ikifukiwa kwenye udongo ulioshikamana hukosa hewa, ikaoza.

Badala ya udongo, changanya sehemu 3 za magome ya msonobari yenye ukubwa wa sentimita 1 hadi 2, sehemu 1 ya vipande vya mkaa usio na vumbi, na sehemu 1 ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi huwa na chumvi, na hapo ndipo wengi huteleza: yaloweke saa 24, mwaga maji, rudia mara mbili.

Kukagua okidi uliyo nayo, mimina maji chunguni. Yakituama juu, mchanganyiko ni mzito mno. Kisha chomoa mmea taratibu, ubonyeze mizizi. Mzizi mzima ni mgumu, wa kijani ukilowa, wa rangi ya fedha ukikauka. Uliooza ni wa kahawia, na ganda lake huchomoka ukilivuta, ukabaki uzi mwembamba.

Lakini okidi nyingi za jenasi ya Eulophia huota ardhini. Hizo udongo unaopitisha maji huzifaa.