"Kakata utumbo": maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Siku hizi mtu akipungua ghafla, mtaa hauulizi anaumwa nini. Jibu liko tayari: "Kakata utumbo." Jina lenyewe ni dhana potofu ya kwanza. Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi duniani hauugusi utumbo. Hukatwa mfuko wa chakula. Karibu asilimia 75 hadi 80 yake hutolewa na haurudi tena, kikabaki kijimrija chenye umbo la ndizi. Utumbo unahusika kwenye baipasi, upasuaji wa aina nyingine ambako chakula huchepushwa, na hata huko hautupwi, unaungwa upya. Puto la kujaza mfuko wa chakula nalo ni habari nyingine: huingizwa kwa mdomo bila kisu, na baada ya miezi kadhaa hutolewa.

"Ukiamka salama, yamekwisha." Thubutu! Vifo ni vichache, takriban 1 kwa kila wagonjwa 1,000 au pungufu penye wataalamu wazoefu. Kinachowanyima madaktari usingizi ni siku zinazofuata: mshono kuvuja, au damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayopanda hadi begani: hapo usimeze panadol ukalala, rudi hospitali usiku uleule.

Halafu kuna hii: "Unakula kama kawaida, ila kidogo." Muulize wa baipasi aliyejisahau akanywa soda harusini. Nusu saa haijaisha, jasho linamtoka, moyo unadunda, tumbo linasokota, anatafuta pa kujilaza. Sukari imemiminika kwenye utumbo kwa mkupuo. Vitamini nazo ni za maisha, si za miezi 3. Upungufu wa B12 huweza kuanza na ganzi ya nyayo, mtu akasingizia viatu. Anayetapika siku nyingi mfululizo huweza kuishiwa B1, na hapo ubongo unadhurika. Na diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wengine tunaitafuna kama karanga, inaweza kumletea wa baipasi kidonda palepale palipoungwa.

Nywele kunyonyoka? Kweli, mwezi wa 3 hivi, na kwa wengi huota tena.

"Hatazaa tena." Kinyume chake! Uzito ukishuka, hedhi iliyopotea hurudi, na mimba huingia bila hodi. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya majira huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo habari ya kitanzi au kijiti iulizwe kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji.