Kasi ya ubaoni si kipimo cha mwanaprogramu

Wasaili wengi wa ajira za programu za kompyuta huamini kwamba mwanaprogramu hodari lazima amalize swali ubaoni ndani ya dakika 30 huku akitazamwa, na kwamba anayeganda hajui kazi. Si kweli.

Mwaka 2020, watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 swali la programu. Baadhi walilitatua mbele ya msaili wakieleza wanachowaza; wengine waliachwa peke yao chumbani. Matokeo ya waliotazamwa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote walioachwa peke yao walifaulu. Huo si upungufu wa ujuzi hata kidogo!

Chukua mfano wa swali la kutafuta namba katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu. Msailiwa anashika akilini mwanzo, mwisho na katikati ya orodha, huku akiongea na kuchungulia saa. Anaandika < mahali pa <= (yaani “ndogo kuliko” badala ya “ndogo kuliko au sawa na”) katika sharti la kuendelea kutafuta, na ikibaki namba moja haikaguliwi. Akiwa na kompyuta, jaribio moja tu lingemfichulia kosa hilo.

Kwa hiyo, msaili, mpe kwanza swali mwenzako kazini asiyewahi kuliona. Akitumia dakika 15, mpe msailiwa angalau 40, maana mwenzako hakuwa na hofu ya kukosa ajira. Mwachie kompyuta inayoendesha programu, kisha toka chumbani. Ukirudi, tumieni dakika 15 akueleze alichoandika na kwa nini. Vigezo vya alama viandikwe kabla hajaingia, vilevile kwa kila msailiwa.