Pilipili ya siki haijachachushwa

Kuchachusha pilipili ni kuiweka kwenye chumvi, mbali na hewa, mpaka bakteria waliokuwa wakiishi juu ya ganda lake waile sukari iliyomo na kuigeuza kuwa asidi laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu, na ndiyo inayoizuia pilipili isioze. Maana yake ni hiyo tu. Aliyewahi kunywa togwa au maziwa mgando amekwisha kuionja kazi ya bakteria wa ukoo huohuo.

Ninaandika kwa sababu pilipili za nyumbani sasa zimejaa Dar es Salaam nzima. Ziko kwenye meza za chipsi, kwenye mihogo ya Coco Beach, kwenye status za WhatsApp za kina dada wanaopokea oda, na nyingi zimebandikwa karatasi iliyoandikwa "pilipili iliyochachushwa". Muulize mwenye chupa ameitengenezaje. Atakwambia amechemsha pilipili mbuzi na karoti na kitunguu saumu, akasaga kwenye brenda, akamimina siki, akafunga. Ukimwambia hapo hakuna kilichochachushwa anakushangaa: "Si ina uchachu? Basi imechachuka."

Hapana, dada yangu. Kuwa na uchachu hakutoshi. Swali ni asidi imetoka wapi.

Katika pilipili ya siki, asidi imeletwa kutoka nje. Ilikuwa kwenye chupa ya dukani, kwa kawaida asilimia 5 hivi ya asidi asetiki, ikamiminwa, na kazi ikaisha jioni hiyohiyo. Pilipili yenyewe haikubadilika kitu zaidi ya kulowa na kulainika. Tena ile hatua ya kuchemsha imewaua karibu bakteria wote ambao wangeweza kuichachusha, na siki ikawafungia mlango waliobaki. Katika pilipili iliyochachushwa, asidi imezaliwa humohumo ndani ya chupa, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, kutokana na sukari ya pilipili yenyewe.

Wapo wanaojitetea kwamba siki nayo inatokana na kuchachusha, kwa hiyo yote ni mamoja. Hoja hii inastahili kujibiwa vizuri kwa sababu nusu yake ni kweli. Chukua mnazi. Unapogemwa ni mtamu, halafu hamira ya asili inaingia na kugeuza sukari kuwa kilevi. Ukiuacha wazi siku nyingi, wanakuja bakteria wengine wanaohitaji hewa, nao wanageuza kilevi kuwa asidi asetiki. Hapo umepata siki ya mnazi. Ni kweli basi, umechachushwa tena mara mbili, lakini kilichochachushwa ni mnazi. Ukiimimina siki hiyo juu ya pilipili, pilipili hairithi historia ya mnazi. Na zaidi ya hapo, wale bakteria wa siki hawawezi kazi bila hewa, wakati wale wa pilipili tunawanyima hewa kwa makusudi.

Tofauti hii inaonekana mdomoni. Asidi asetiki hupaa, ndiyo maana ukifungua chupa ya siki pua inashtuka kabla ulimi haujagusa kitu. Asidi laktiki haipai. Inabaki kwenye ulimi, tulivu, na inaacha harufu ya tunda la pilipili mbuzi isikike badala ya kuifunika. Aliyeonja zote mbili kwa kijiko, bila chipsi, hahitaji kuelezwa tena.

Achari ya ndimu nayo imeingizwa kwenye mkanganyiko huu. Ndimu zinakatwa, zinatiwa chumvi na pilipili, zinaanikwa juani wiki nzima, na watu wanasema zinachachuka. Ndimu ni chachu tangu mtini. Juisi yake ina asidi kali kiasi kwamba bakteria wengi wa laktiki hawaiwezi. Chumvi na jua zinailainisha na kuikoleza, nayo ni kazi ya ustadi wake, ila jina lake ni achari. Pilipili ya ukwaju vilevile: uchachu wake ni wa ukwaju.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na linaniuma zaidi kwa sababu linamwaga chakula kizuri. Sisi maharage yaliyolala yakatoa povu tunasema yamechacha, na yaliyochacha yanamwagwa. Basi mtu amefuata maelekezo vizuri, ametia pilipili kwenye chumvi, siku ya pili anakuta vipovu vinapanda pembeni mwa kioo, maji yamekuwa meupe-meupe kama maji ya kuoshea mchele, na akilegeza kifuniko kinatoa mlio wa hewa. Anaita jirani. Jirani anasema, imechacha hiyo. Inamwagwa jalalani ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuwa kile alichokitaka.

Kinachotenganisha maharage yale na pilipili hii ni chumvi. Maharage yalilala bila ulinzi, kila kijidudu kilichofika kikala. Kwenye pilipili, chumvi ya asilimia 2 hadi 3 ya uzito inawadhoofisha wale wa kuozesha na kuwaachia nafasi wale wa laktiki, ambao wanaivumilia. Kwa kilo moja ya pilipili ni gramu 20 hadi 30, zilizopimwa kwa mizani, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito mmoja. Chumvi yetu yenye madini joto inafaa. Msidanganywe kwamba lazima mnunue ya nje. Pilipili izame yote chini ya maji yake ya chumvi, igandamizwe na kitu safi cha kioo, kwa sababu kipande kinachoelea ndicho kinachoota ukungu.

Vipovu vile vina wenyewe. Wanaoanza mara nyingi ni bakteria wa jamii ya Leuconostoc, wanaotoa asidi pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Uchachu ukizidi wanashindwa, wanawapisha wengine wanaoustahimili zaidi. Ndiyo maana povu hupungua baada ya siku chache wakati uchachu unaendelea kupanda. Na jambo hili linakwenda na joto. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao majiko yao yana nyuzi 20 au chini ya hapo, wanakwambia subiri wiki tatu. Dar, Januari hadi Machi, ndani ya nyumba ni nyuzi 30 na ushee. Siku tano hadi saba mara nyingi zinatosha, kisha chupa iingie kwenye friji. Ukingoja wiki tatu kwenye joto letu unakuta pilipili imelegea na utando mweupe umetanda juu. Utando huo mwembamba, usio na manyoya, ni wa hamira, unaenguliwa. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, buluu au mweusi, hapo sawa, mwaga.

Mpaka wa usalama una namba: pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu umezidi). Juu ya hapo, bakteria wa sumu ya botulizimu wanaweza kukua mahali pasipo hewa. Chini ya hapo hawawezi. Pilipili iliyochachushwa vizuri hushuka chini ya 4, na karatasi za kupimia pH si za gharama kubwa. Ninalitaja hili kwa sababu ya kundi la tatu, pilipili ya mafuta: pilipili na kitunguu saumu kibichi vimezamishwa kwenye mafuta, chupa imefungwa, inakaa kabatini, na yenyewe imeandikwa "iliyochachushwa". Haina asidi ya kuzaliwa wala ya kuletwa, na mafuta yameiondolea hewa. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu waliugua botulizimu kwa kitunguu saumu kilichokatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Pilipili ya namna hiyo itengenezwe kidogo, ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku chache.

Siki haijakatazwa. Tabasco, pilipili ya chupa inayotengenezwa Avery Island huko Louisiana, Marekani, tangu 1868, ni pilipili iliyosagwa na chumvi, ikalazwa kwenye mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu, na siki inaingia baada ya hapo. Angalia mpangilio: chumvi, muda, ndipo siki. Ukiitia siki siku ya kwanza "ili isaidie kuchachuka", umezuia jambo lenyewe unalolisubiri.

Kwa hiyo dada yangu mwenye brenda na karoti, pilipili yako ni nzuri na wateja wanaipenda. Andika tu "pilipili ya siki". Ukitaka ile nyingine, usichemshe kwanza: katakata, pima chumvi, gandamiza, iache siku zake ukilegeza kifuniko mara moja kwa siku, ndipo usage na uongeze siki ukipenda. Na ukiiuza ikiwa hai, mwambie mteja aiweke kwenye friji na asishtuke ikitoa mlio anapoifungua.