Walker sio mtu wa kutembea tembea

Watu wakisikia jina la Walker wanaona tu babu wa ukoo alikuwa mtembezi, na yule jamaa wa kofia anayetembea kwenye chupa ya whisky ya Johnnie Walker ndo anawamaliza kabisa, wakati ile picha ilichorwa 1908 kwa ajili ya matangazo na John Walker mwenyewe alikuwa na duka la vyakula Kilmarnock, Scotland. Ukweli ni kwamba jina hilo linatokana na kazi ya nguo. Kitambaa cha sufu kikitoka kufumwa kinakuwa kimelegea na kina mafuta, zamani walikuwa wanakitupia kwenye pipa lenye maji na mkojo uliochacha (ndio, mkojo, ule ukali wake unatoa mafuta), fundi aliingia pekupeku akakanyaga masaa mpaka kishikane. Kaskazini mwa Uingereza wakamwita Walker, kusini magharibi kule Devon huyohuyo ni Tucker, kusini mashariki Fuller.

Kwenye ramani ndo usikurupuke. Walker Pass, njia ya kupita milimani kule California, ni jina la mpelelezi Joseph Walker aliyepita hapo 1834, sawa, ila mtaa wa Walker pale Newcastle hauhusiani na fundi yeyote, maana yake ni kinamasi cha kando ya ukuta, ule wa Hadrian, mfalme wa Roma ya kale.